Kuuza hisa ndo mtihani wenyewe

Jamani kununua hisa mbona rahisi tu, kuuza ndo kazi. Juzi nimeuza nusu ya zile nilizokaa nazo muda mrefu, watu wananishangaa, mbona unauza na bei bado inapanda? Bei niliyonunulia sikuiangalia kabisa maana soko halijui ulinunua kwa ngapi na wala halijali, nilichofanya nikarudi kusoma sababu nilizoziandika siku nanunua, ya kwanza faida ya kampuni inakua, ya pili gawio (ule mgao wa faida wanaopewa wenye hisa) linalipwa bila kukopa. Ya kwanza imeshakufa, faida inashuka na madeni yanapanda. Sasa nasubiri nini?

Watafiti wa mambo ya fedha, Shefrin na Statman, waliliandika hili tangu 1985, kwamba watu tunawahi kuuza zinazopanda halafu tunang'ang'ania zinazoshuka eti "itarudi tu". Na hesabu yake chungu, hisa ikishuka asilimia 50 inabidi ipande asilimia 100 ndo urudi pale pale 😩

Nusu iliyobaki inasubiri ripoti ijayo ya mahesabu, gawio likikatwa nauza zote, ikipaa baada ya mimi kutoka poa tu, na wengine wale 😅