Siku Dada Alipotia Saini

Watu wakisikia mzazi amefutiwa haki zake juu ya mtoto, picha wanayoijenga ni ya jaji mkali, mama anayelia na askari wa kumtoa nje. Kwetu kazi kubwa ilifanyika koridoni. Dada yangu alikaa kwenye benchi na wakili wake, yule aliyepangiwa na mahakama kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumlipa mwingine, mimi nikasimama pembeni nimemshikia koti. Shauri lilipangwa saa tatu asubuhi. Saa nne ikapita bila kuitwa, na nikaanza kuelewa kwamba kuchelewa huko hakukuwa bure: mawakili walikuwa wanazungumza.

Dada ndiye aliyenitangulia kufika Marekani, na ndiye aliyenipokea. Aliumia mgongo kazini, akafanyiwa upasuaji, akaandikiwa vidonge vikali vya maumivu vya jamii ya afyuni. Daktari alipokataa kuandika vingine, mwili ulikuwa umeshavizoea. Akivikosa anaingia arosto: jasho, tumbo kukata, miguu haitulii usiku kucha. Akaanza kununua mtaani, na vya mtaani siku hizi vingi vina fentanili, afyuni ya kutengenezwa yenye nguvu kupita kiasi, ambayo haina masihara. Siku aliyozimika bafuni, mpwa wangu alikuwa sebuleni anaangalia katuni. Jirani ndiye aliyepiga simu. Wahudumu wa ambulensi wakampulizia puani naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha afyuni, akazinduka. Jioni ile ile mtoto aliondoka na afisa ustawi wa jamii, na usiku nikaenda kumchukua ofisini kwao. Nilimkuta amelala kwenye kochi, viatu bado miguuni.

Kuanzia hapo sheria ikaanza kuhesabu. Hili ndilo ndugu zangu wa nyumbani hawakunielewa hata nilipolieleza kwa utaratibu. Iko sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ya mwaka 1997, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton, inayosema mtoto akishakaa kwenye malezi ya kambo, yaani kwa mlezi aliyepangiwa na serikali, miezi 15 kati ya miezi 22 ya karibuni, jimbo lifungue shauri la kumfutia mzazi haki zake, isipokuwa iwepo sababu maalumu. Nia yake naielewa. Kabla ya hapo watoto walikuwa wanakulia kwenye mfumo, wanahamishwa nyumba hii hadi ile mpaka wanafika utu uzima. Lakini uraibu haufuati kalenda hiyo. Mtu anaacha, anarudia, anaacha tena; madaktari wanauita ugonjwa sugu, na kurudia si ajabu kwao. Dada alipoteza miezi ya mwanzo kwa kukana (“mimi si teja, mimi naumwa mgongo”), akapoteza mingine akisubiri nafasi ya matibabu. Alipoanza methadoni, dawa ya jamii ile ile ya afyuni inayotolewa kutibu uraibu na kuzuia arosto, na kutulia kweli, muda ulikuwa ukingoni.

Na methadoni nayo ilikuja na mambo yake. Mwanzoni dada hakuruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Alikuwa anafika kliniki kila siku na kuinywa mbele ya muuguzi. Kliniki ilikuwa upande mwingine wa mji, na muda wa kumwona mtoto ulipangwa asubuhi hiyo hiyo. Akichelewa kwa mtoto, inaandikwa: mama hakufika kwa wakati. Akikosa dozi, arosto. Halafu kwenye faili lake afisa mmoja akaandika kwamba mzazi “bado anatumia afyuni”, akimaanisha methadoni ile ile aliyoandikiwa na daktari. Hakuongeza hata neno moja la kufafanua. Mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba kumbagua mtu kwa kuwa anatibiwa uraibu kwa dawa alizoandikiwa kunaweza kuvunja sheria inayolinda watu wenye ulemavu. Wakili wa dada alikuwa nao mkobani, umepigwa mistari ya kijani. Tulidhani ndiyo silaha yetu.

Mimi nilichokuwa nataka ni ulezi wa kisheria tu. Mtoto abaki kwangu, niweze kumsainia shuleni na hospitali, na mama yake abaki mama yake. Sheria ile ya 1997 inaruhusu jimbo lisifungue shauri kama mtoto analelewa na ndugu. Ni moja ya zile sababu maalumu. Nilipomuuliza wakili wa serikali mbona kwetu wamefungua, alinijibu kwa upole kabisa: ulezi unaweza kupingwa na kutenguliwa baadaye, kuasili, yaani mtoto kuwa wako kabisa kisheria, ni moja kwa moja, na mtoto anahitaji kitu cha kudumu. Sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubaliani. Mtoto alikuwa na kitanda chake, shule yake, mjomba wake, na mama aliyeanza kupona. Hicho cha kudumu alichopungukiwa sikukiona. (Sheria hiyo hiyo iliweka fedha za motisha kwa majimbo yanayoongeza idadi ya watoto wa malezi ya kambo wanaoasiliwa. Sisemi yule wakili alikuwa anawaza fedha. Ila ukichimba mfereji, usishangae maji yakipita humo.)

Koridoni wakili wa dada alizungumza taratibu, kalamu ikizunguka vidoleni. Tukiingia ndani, alisema, serikali itatakiwa kuthibitisha kwa ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Ndicho kiwango kilichowekwa na Mahakama ya Juu mwaka 1982 katika kesi ya Santosky dhidi ya Kramer, na kiko juu ya kile cha kesi za kawaida za madai.

“Na wanao wa kutosha,” akasema. “Vipimo vya mkojo vya mwanzoni, siku ulizokosa kumwona mtoto, na siku ile ya bafuni.”

“Na huu mwaka wa mwisho?”

“Nitausema wote. Lakini siwezi kukuahidi.”

Kisha akafika kwenye jambo ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Ukifutiwa haki kwa lazima, linabaki kwenye kumbukumbu zako. Ukija kupata mtoto mwingine na akachukuliwa, sheria haiwalazimishi tena ustawi wa jamii kufanya juhudi za kukurudishia huyo. Ukiachia kwa hiari, huna alama hiyo. Upande wa serikali ulikuwa tayari kukubali aachie kwa hiari, na ikaandikwa wazi kwamba mtoto anaasiliwa na mjomba wake, si na mtu mwingine.

Dada alikuwa na umri wa kuzaa bado. Hakulisema hilo. Aliniangalia mimi.

“Wewe unasemaje?”

“Siwezi kukwambia usaini, dada.”

“Nikikataa, utaitwa utoe ushahidi. Utasema nini?”

“Nitasema sasa hivi uko sawa. Na wakiuliza ya mwanzo, nitasema hukuwa sawa.”

“Hiyo kweli yako ndiyo itakayonimaliza.”

Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Mama, kutoka nyumbani, mara ya kumi sijui. Kwake shauri zima lilikuwa kichekesho chenye aibu ndani yake: mtoto yuko kwa mjomba wake, mahakama inatafuta nini tena? Sikuwahi kupata jibu la kumpa. Nikaizima. Dada akaomba maji, akanywa nusu, akamwambia wakili, “Haya.”

Mashauri ya aina hii katika jimbo letu husikilizwa faragha, kwa hiyo chumba kilikuwa na watu wachache: jaji, karani, mawakili, afisa ustawi, na yule anayeteuliwa kusimamia maslahi ya mtoto. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyeyasoma maswali hayo mara nyingi, lakini alikuwa anasubiri kila jibu hadi liishe, na kwa hilo nampa heshima yake. Kuna mtu amekulazimisha? Hapana. Kuna mtu amekuahidi fedha au kitu chochote? Hapana. Umepata muda wa kutosha na wakili wako?

“Ndani ya saa 24 zilizopita umetumia pombe, dawa ya kulevya au dawa yoyote ya hospitali?”

“Ndiyo, mheshimiwa. Methadoni. Nimekunywa asubuhi.”

Jaji akainua macho kwenye karatasi. “Inakuzuia kwa namna yoyote kuelewa haya tunayozungumza?”

“Bila hiyo nisingeelewa hata moja.”

“Asante,” akasema jaji, akaandika, akaenda swali linalofuata. Basi, ikapita. Dawa iliyokuwa imeandikwa dhidi yake kwenye faili ndiyo sasa ilikuwa inathibitisha kwamba ana akili timamu ya kumwachia mtoto. Wakili wa serikali hakupinga. Nilimwona dada mabega yakimtikisika kidogo, nikadhani analia. Aligeuka: alikuwa anajizuia asicheke.

Baada ya hapo jaji akamsomea anachokiacha, na hapo hakuna aliyecheka. Hatakuwa na haki ya kumwona mtoto. Hatakuwa na haki ya kujua anaishi wapi, anasoma wapi, anaumwa nini. Mahakama haitampa taarifa ya chochote kinachomhusu. Mambo ya urithi kati yao yanakwisha. Na makubaliano yoyote ya mdomo aliyonayo na ndugu yake, yaani mimi, katika jimbo lile hayana nguvu. Mimi nikibadili mawazo kesho, hana pa kunishtaki. Jaji alinitazama aliposema hivyo, na dada naye akanitazama.

Karani akaleta karatasi. Dada akazisoma, ukurasa mmoja mmoja, kidole kikifuata mistari, huku wakili wa serikali akiangalia saa ya ukutani. Alipofika ukurasa wa pili akasimamisha kidole.

“Jina limekosewa.”

Herufi moja ilikuwa imeruka kwenye jina la katikati la mtoto. Wakili wake akainama kumnong'oneza kwamba linaweza kusahihishwa kwa kalamu na kuwekewa herufi za kwanza za majina yake pembeni, ni kawaida. Dada akatikisa kichwa.

“Kama namtoa, namtoa kwa jina lake. Chapeni upya.”

Jaji akaahirisha kwa muda. Tukakaa pale tukisikiliza mashine ya kuchapa chumba cha pili, kila mtu akijifanya ana kitu cha kusoma. Afisa ustawi alikuwa mgeni kwenye faili letu, si yule aliyeandika habari za afyuni. Alimsogezea dada boksi la tishu. Dada akasema asante, hakulitumia. Karatasi zilipokuja alizisoma tena zote tangu mwanzo, kisha akasaini kila nakala kwa saini yake ndefu, ile aliyojifundisha shuleni.

Yaliyobaki yalikuwa ya utaratibu tu. Miezi baadaye nikamwasili mpwa wangu. Cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa kikafungiwa kwenye kumbukumbu, kikatoka kipya chenye jina langu. Kwa hesabu ya sheria mimi ni baba yake, na dada wa baba ni nani kama si shangazi? Mama nyumbani aliposikia hilo aliniuliza kama hawa watu huwa wanalala usingizi vizuri.

Dada anaishi vituo viwili vya basi kutoka kwangu. Siku hizi kliniki inampa dozi za kwenda nazo nyumbani, anaziweka kwenye sanduku lenye kufuli. Mtoto humwita mama, mimi anko, kama zamani.

Muhula ulipoanza shule ilituma fomu ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Nikaandika jina la dada, nikafika kwenye kisanduku cha uhusiano, kalamu ikakwama. Yeye alikuwa sakafuni anamfunga mtoto kamba za viatu, wala hakugeuka.

“Andika shangazi, si ndivyo serikali yao ilivyosema? Ila namba ya simu usiikosee kama wale. Mwisho ni saba saba.”