Barafu ya wauza samaki iliyookoa kazi yangu ya maabara

Mara mbili nilifungua sahani zangu za kukuzia bakteria asubuhi nikakuta patupu, hakuna hata koloni moja, yaani kundi la bakteria lililoota. Kazi niliyopewa chuoni hapa Kisumu ilikuwa kuingiza jeni ngeni ndani ya bakteria E. coli. Vekta yangu, yaani mbebaji wa jeni, ilikuwa pUC19, plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA cha mviringo, chenye jozi za besi 2,686 tu. Niliikata kwa kimeng'enya cha EcoRI, nikapachika jeni, nikaunganisha kwa ligesi, kimeng'enya cha kuunga DNA.

Nilidhani nimekosea kuunganisha. Mwishowe nikajaribu jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo: nikawapa bakteria wale wale pUC19 nzima, isiyokatwa. Bado patupu. Basi plasmidi haikuwa na kosa. Bakteria ndio waliokuwa wamechoka. Stima ilikuwa imepotea wikendi na friza ikapata joto.

Ilinibidi niwaandae wapya kwa kalsiamu kloraidi, na hapo baridi ndiyo kila kitu. DNA ina chaji hasi, na ngozi ya bakteria vilevile, kwa hiyo husukumana. Kalsiamu huzituliza chaji hizo. Kisha joto la ghafla la nyuzi 42, kwa sekunde 45, huisaidia DNA kupenya. Lakini bakteria wakipata joto kabla ya wakati, uwezo huo hupotea. Na mashine yetu ya barafu ilikuwa imeharibika.

Nikashika boda hadi Dunga, kwa wauza samaki.

"Mama, naomba barafu ya ndoo moja."

"Samaki wako wapi, mwanangu?"

"Sina samaki, mama. Ni ya bakteria."

Alinitazama kidogo, akanijazia.

Safari hii kila chupa ilikaa kwenye barafu. Baada ya joto niliwapumzisha bakteria saa nzima kwenye uji wa virutubisho, ili jeni ya plasmidi inayokinza ampisilini ianze kazi kabla hawajakutana na dawa hiyo kwenye sahani. Usiruke hatua hii hata kama umechelewa matatu ya mwisho.

Asubuhi nilikuta koloni za buluu, na katikati yake nyeupe kumi na saba. Buluu ni vekta tupu. Kwa nyeupe, jeni ngeni imekaa katikati ya lacZ, jeni ya plasmidi inayoleta buluu, na kuizima rangi. Nikakuza moja, nikatoa plasmidi, nikaikata tena kwa EcoRI. Kwenye jeli, inayotenga vipande vya DNA kwa ukubwa, ikatokea mistari miwili: mmoja wa pUC19, mwingine wa jeni yangu.