Wajenzi Waliokuwa Wakiomboleza

Wapendwa katika Bwana, juma hili tusome Isaya 61:1–4.

Kusini mwa Ujerumani uko mji uitwao Nördlingen. Ukipanda mnara wa kanisa lake la Kilutheri, la Mtakatifu Georgi, unaona mapaa mekundu, halafu mashamba ya tambarare, na kule mbali vilima vimezunguka pande zote. Duara hilo lina upana wa kilomita 24 hivi. Kimondo kilipiga pale miaka ipatayo milioni 15 iliyopita. Miamba ikayeyuka, ikarushwa juu, ikaanguka na kushikamana upya kuwa jiwe la kijivu.

Kwa jiwe hilohilo watu wa Nördlingen walianza kulijenga kanisa lao mwaka 1427. Asili yake hawakuijua. Hata wataalamu walidhani ni la volkano, mpaka wanajiolojia Eugene Shoemaker na Edward Chao walipothibitisha habari ya kimondo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Usogelee ukuta. Utaona vipande vyeusi vya kioo, mwamba ulioyeyuka ukapoa ghafla. Mna na almasi humo, ndogo mno, jicho halizioni. Lakini mimi hicho kioo cheusi ndicho kinachonigusa: hakuna aliyekichokoa kwanza ili jiwe lifae kwa nyumba ya Mungu. Limewekwa na makovu yake, na chini yake watu wamebatizwa, wameoa, wameagwa.

Nasema haya kwa tahadhari, maana kati yetu wapo waliofiwa. Tusiende msibani kumwambia mama aliyezika mwanawe kwamba Mungu alibomoa ili apate kujenga. Isaya hasemi hivyo. Anaanza na kuwaganga waliovunjika moyo. Kisha wanafarijiwa waombolezaji wa Sayuni, na ndipo inapokuja habari ya kujenga mahali pa kale palipoharibiwa. Angalieni wajenzi ni akina nani: ni waombolezaji wale wale! Hawakuletwa wengine wenye mioyo mizima kuja kuwajengea.

Basi kama unamfahamu mtu ambaye tangu msiba hajarudi kwaya, au jumuiya, mtembelee. Usimwulize atarudi lini. Kaeni, mle pamoja, mwimbe wimbo mmoja akitaka.

Ee Bwana, waliovunjika uwagange kwa mkono wako mwenyewe, nasi utupe subira ya kukaa nao. Amina.