Tabora hadi Kigoma kwa Pikipiki, Kipande kwa Kipande

Mtu mwenye ajira anayetaka kuizunguka nchi kwa pikipiki hana budi kuigawa safari yake, na kwa sisi wakazi wa Tabora reli ya kati ndiyo inayotuwezesha. Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, inapita Urambo, Kaliua na Uvinza, ambako barabara nayo inapita. Kwa hiyo unaweza kumaliza kipande kimoja, ukaiacha pikipiki kwa mwenyeji unayemwamini, ukarudi kazini kwa treni, kisha ukaja kuendelea ulipoishia mara upatapo likizo.

Kipande cha kwanza ni cha miombo. Mwenye haraka huona miti tu, lakini anayekwenda taratibu huiona mizinga ya magome iliyotundikwa juu na, akikaribia Urambo, mabani ya kukaushia tumbaku. Ni hapo Urambo ambapo Waingereza walijaribu kilimo kikubwa cha karanga kuanzia miaka ya 1940, mradi uliokufa mwaka 1951 baada ya kumeza fedha nyingi mno.

Kazi kubwa ya safari ya namna hii, kwa maoni yangu, si kuendesha bali ni kuilaza pikipiki vizuri, yaani kuiandaa ikae muda mrefu bila kutumika. Nilipofika Kaliua nilifunga koki ya petroli na kuiacha injini iungurume mpaka ikazima yenyewe, maana petroli ikikaa muda mrefu ndani ya kaburata huacha utando unaoziba jeti, vile vitundu vyembamba vya kupitishia petroli. Mnyororo niliusugua kwa brashi na mafuta ya taa kuondoa vumbi, ndipo nikaupaka oili mpya. Mama mwenyeji wangu aliponiona nikifungua waya za betri alisema, “Mwanangu, na hicho kiti kifunike vizuri, panya wa hapa hawachagui.” Tukatafuta turubai.

Kutoka Kaliua kwenda Uvinza vijiji viko mbalimbali, hivyo jaza tanki na ubebe maji kabla ya kuondoka, na masika usijaribu njia zozote za udongo pembezoni. Mto Malagarasi, ambao zamani uliwasumbua wasafiri, sasa unavukwa kwa Daraja la Kikwete. Uvinza kwenyewe ni mji wa chumvi: maji ya chemchemi za chumvi yalichemshwa hapo tangu kabla ya ukoloni, na wafanyabiashara wa misafara waliifahamu vyema.

Kipande cha mwisho kilikuwa kifupi, na michikichi ilianza kuonekana kabla ya ziwa. Ujiji, walikokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, sikukaa sana; nilivutiwa zaidi na migebuka, samaki wa ziwa hilo, ya kuchoma.

Pikipiki imebaki Kigoma. Kipande kinachofuata kitapita Kasulu, Kibondo na Kakonko kuelekea Nyakanazi, na kwa kuwa huko hakuna reli, kurudi Tabora itabidi nipande basi.