Kalamu ya yuro 95 si wizi

Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam ameona bei ya kalamu ya aluminiamu tunayoikereza hapa karakanani, kusini mwa Ujerumani, akaniandikia kwamba yuro 95 ni wizi wa mchana kweupe, kwa kuwa kalamu ya dukani kwa Mangi inaandika vilevile. Nimekereka, maana kazi anayoiita wizi ni ya mikono yangu.

Aluminiamu yenyewe ni sehemu ndogo ya bei, na kiasi kikubwa chake huishia kwenye pipa la mabaki. Gharama imo katika kuiandaa mashine ya CNC, yaani ya kukereza inayoongozwa na kompyuta: kuandika programu, kufunga visu, kukereza vipande vya majaribio ambavyo havitauzwa kamwe. Maandalizi hayo ni yale yale ukitoa kalamu 50 au 5,000, nasi hutoa chache. Juu yake kuna umeme, ujira wa Kijerumani na kodi ya mauzo ya asilimia 19.

Kisha kuna usahihi. Ili kifuniko kiingie kwa ulaini ule anaousifu mteja, kipenyo hakitakiwi kukosea zaidi ya sehemu moja ya mia ya milimita, ilhali unywele wa kichwani ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Kipande kikitoka mashineni kina joto, na aluminiamu ikipata joto hutanuka. Kwa kuwa vipimo huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, tunasubiri kipoe ndipo tushike maikromita, kifaa cha kupimia vipenyo vidogo, na muda huo unalipiwa. Titani ndiyo balaa zaidi, kwani haipitishi joto vizuri, hivyo moto hubaki kwenye ncha ya kisu na kukimaliza mapema. (Bei ya kalamu ya titani, nikiri, siitetei kwa moyo mmoja.)

Mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, walionifundisha kukereza wana mkono mwepesi kuliko wengi ninaofanya nao kazi hapa. Wanachokosa ni mashine isiyolegea na mteja anayekubali kulipia subira.

Kijana wa VETA, vyuo vya ufundi vya Tanzania, anayetaka kuja huku ajifunze kwanza kusoma michoro ya kiufundi, hesabu za pembetatu na Kijerumani, kwa sababu mafunzo ya fani hii huchukua miaka 3 na nusu na mtihani ni kwa lugha yao. Posho ya mwanafunzi ipo, lakini kodi ya chumba huila karibu yote, kwa hiyo asiwaahidi wa nyumbani fedha mwaka wa kwanza.