Fefo usiku, kalsiamu na chakula: nilivyovipangia saa

Vidonge vya chuma (fefo, yaani chuma na foliki asidi) na vya kalsiamu vikimezwa kwa pamoja havigeuki sumu. Hasara yake ni nyingine: kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa kwenye utumbo, kwa hiyo unajitahidi kumeza dawa ya damu na sehemu yake inaishia chooni. Nilipoandikiwa vyote viwili kliniki ya wajawazito, kazi ilikuwa kuvitenganisha.

Kwanza nilisoma pakiti. Fefo ya feras salfeti miligramu 200 ina chuma chenyewe kama miligramu 65. Iliyobaki ni uzito wa chumvi yake. Kalsiamu nayo hupoteza watu hapohapo: kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1250 kina kalsiamu 500 tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu yenyewe kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambako chakula kina kalsiamu kidogo, ili kupunguza hatari ya presha ya mimba inayoleta kifafa. Dozi hiyo hugawanywa mara tatu, kwa sababu mwili hufyonza vizuri kiasi kisichozidi miligramu 500 kwa mara moja.

Kalsiamu kaboneti inahitaji asidi ya tumbo, kwa hiyo niliifunga kwenye milo: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja usiku. Asubuhi sikuhangaika kuitafutia fefo nafasi. Chai ya maziwa inakizuia chuma mara mbili, kwa majani yake na kwa maziwa yake. Fefo ikabaki saa nne usiku, saa tatu baada ya chakula, kwa glasi nzima ya maji na chungwa moja, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Faida ya usiku ni kwamba kichefuchefu kinakukuta umelala. Ila usimeze ukajitupa kitandani papo hapo. Kidonge kikikwama kooni huunguza. Kaa nusu saa. Tumbo likikataa kabisa, kula kitu kidogo, mradi kisiwe maziwa wala mtindi.

Vinavyovuruga ratiba hii ni vile tusivyovihesabu. Vidonge vya kutafuna vya kiungulia vingi vina kalsiamu au magnesiamu, na ukitafuna viwili kabla ya kulala umeirudisha kalsiamu palepale ulipoitoa. Udongo wa kula, ambao Kenya huitwa odowa, nao hushika chuma tumboni. Kama unatumia dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, iache mbali na vyote viwili kwa saa nne. Mwenye mawe ya figo au sikoseli aulize kwanza kabla ya kumeza chochote.

Choo cheusi ni kawaida ukimeza fefo. Choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya si kawaida, nenda kituoni. Kufunga choo hupungua kwa maji mengi, papai na mboga za majani.

Ukisahau dozi, endelea na inayofuata, usimeze mbili. Na fefo isikae mezani: mtoto mdogo akimeza vidonge kadhaa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo hata kama bado anacheza, kwa sababu sumu ya chuma inaweza kutulia kwa saa kadhaa kabla ya kumzidi.