Ndama wa Ndutu

Fundi wa fremu alinipigia jana asubuhi. "Kaka, hii picha uliyoleta imetikisika. Nikate kioo, au utaleta nyingine?" Nikamwambia akate. Akauliza tena kama nina hakika, maana kioo kikishakatwa ndiyo basi.

Tangu hapo mawazo yangu yako Ndutu, kule kusini mwa Serengeti.

Ilikuwa Februari 2013. Wateja walitaka picha za kalenda, na masharti yao niliyajua kichwani: mnyama mzima, jua mgongoni kwa mpiga picha, fokasi kwenye jicho, kasi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, ili mnyama asitikisike. Siyadharau masharti hayo. Ndiyo yaliyonifundisha kazi, na picha ya namna hiyo humwonyesha mnyama alivyo, hadi kupe sikioni. Siku tatu nilipiga hivyo. Nyumbu wanazaa mchana kweupe kwenye nyasi fupi, ndama wanasimama hata hawajakauka, mimi nabonyeza.

Siku ya nne, jua linazama, kundi likashtuka. Labda walimwona fisi. Vumbi lilipotulia tukamwona ndama mmoja kabaki peke yake, rangi ya mchanga, kitovu bado kinaning'inia. Alikimbia huku, akarudi, akalia. Kisha akaja kwetu. Nyumbu mchanga akipotezana na mama yake hufuata chochote kinachotembea, hata gari, hata fisi mwenyewe. Mzee aliyekuwa akiniendesha akazima injini upesi.

"Tukiondoka atatufuata," alisema. "Mama yake akirudi hatamkuta."

Ndama akasimama chini ya mlango wangu. Nilisikia anavyohema. Akainusa tairi, akaisukuma kwa pua, akainusa tena, kisha akapandisha shingo na kusukuma pale juu, chini ya bodi, mahali ambapo kwa mama yake pangekuwa na chuchu. Akasukuma mara tatu, nne. Vumbi la gari likamganda kwenye pua iliyolowa. Mzee aliinamisha kichwa kwenye usukani. Mimi kamera ilikuwa mapajani na sikuinyanyua.

Mara kundi jingine likapita mbele yetu, linakimbia. Ndama akageuka, akalifuata. Hapo ndipo nilipoinyanyua. Mwanga ulikuwa umekwisha, na kamera yangu ya wakati ule, ukiipandisha ISO, yaani wepesi wake wa kushika mwanga, kupita 1600, ilitoa chenga tupu. Nikaiacha shata ishuke hadi 1/15, nikaizungusha kamera sambamba naye, nikabonyeza. Miguu ikawa kama moshi, wakubwa nyuma yake wakawa michirizi myeusi. Kilichobaki ni paji la uso tu.

Mzee alikaa na darubini mpaka giza likaingia.

"Umemwona mama yake?" nikamuuliza.

"Nimeona kundi, mwanangu."

Wateja waliirudisha picha ile wiki hiyohiyo: haina jicho. Sikubishana nao. Walichukua zile nyingine, kali na safi, na leo sikumbuki hata ndama mmoja aliyemo. Huyu nikimtazama nasikia anavyohema.

Lakini nyumbu humjua mwanawe kwa harufu na sauti, mmoja katikati ya maelfu, na picha yangu haiwezi kumtenga hata na wale wanaokimbia kando yake. Nimepata mbio zake na hofu yangu. Yeye mwenyewe, sikio lake, uso wake, sinavyo. Usiku mwingine naona ningempiga pale tairini, na chenga zake zote, angalau akabaki. Halafu nakumbuka ile pua, na naona nilifanya vema kuiacha kamera mapajani.

Jioni fundi amepiga tena. Fremu iko tayari, anauliza aandike nini nyuma. Nikamwambia: Ndutu, Februari 2013. Akaniuliza kama hiyo inatosha. Nikafikiri kidogo, nikamwambia aongeze: ndama wa nyumbu, mmoja.